Kumi za Kukimbiwa: Apu Yako Inavyolala Kwenye Simu za Kipawa

Ukitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere, ukaipita TAZARA na kuanza kusikia injini za ndege kuliko honi za daladala, umekaribia Kipawa. Hapa ndege hushuka juu ya mabati na hakuna anayeinua macho. Kata hii ina chuo cha VETA cha TEHAMA, ambapo vijana hufundishwa kutengeneza programu za simu. Ina pia vibanda vya mafundi simu, ambapo vijana wengine hulipwa kuzifuta. Orodha hii inahusu yanayotokea kati ya chuo na kibanda.

Wewe mwenye apu, uliyekaa mbele ya dashibodi inayosema waliojisajili ni wengi na wanaoonekana ni wachache, usilie peke yako. GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, kilihesabu akaunti za pesa za simu zilizosajiliwa hadi mwaka 2023 kikapata bilioni 1.75. Zilizotumika ndani ya siku 30 zilikuwa milioni 435. Robo tu ndiyo iliyokuwa macho, na hapo tunazungumzia hela za watu, siyo mchezo wa kupanga peremende.

Dawa inayopendwa maofisini ni ujumbe: "Tumekukumbuka! Rudi ujipatie zawadi." Kwa maoni yangu ujumbe ni kitu cha mwisho kabisa, na mara nyingi hauhitajiki. Kwanza ujue mtu alitokea mlango gani. Basi tuhesabu kwenda chini, tukianza na makosa madogo.

10. Simu imejaa, na wewe si picha ya mtoto

Simu unazoziona zaidi mtaani hapa ni TECNO, itel na Infinix, zote tatu za baba mmoja, Transsion ya China. Nyingi ni za bei nafuu na nafasi yake ni finyu. Tia humo kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, la kikoba, la wazazi wa darasa la tatu, la ukoo, na mjomba anayetuma video za dawa ya kisukari kila alfajiri. Siku simu ikigoma kupiga picha katikati ya kipaimara, mwenyewe anaingia kwenye orodha ya apu na shoka mkononi. Picha za mtoto haziguswi. Video za mjomba zina heshima yake. Inabaki apu yako yenye MB 140, iliyofunguliwa mara ya mwisho wakati wa mvua za vuli.

Hapa hakuna ugomvi, wala hajakuchukia. Punguza uzito. Facebook, ambao hawana shida ya hela, walitoa Facebook Lite mwaka 2015 kwa ajili ya simu za namna hii, na wakati huo haikufika hata MB 1. Kama Zuckerberg alikubali kukonda, wewe wa Sinza unaringa nini?

9. Bando limekwisha saa nne asubuhi

Mnamo 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza na watu wakaona GB zao zimenyolewa, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba bei mpya zikasitishwa na vifurushi vya zamani vikarudi. Taja jambo jingine ambalo nchi hii imewahi kurudi nyuma kwa kasi ile. Nasubiri.

Mtu anayeunga bando la shilingi 500 anakagua MB zake kuliko CAG anavyokagua halmashauri. Sasa wewe, akikufungua tu, unampokea kwa video ya meneja masoko akitabasamu. Umemla MB 12 kabla hajakwambia shida yake. Kesho hakufungui, na ana haki. Facebook, hao hao tena, waliliona hili mapema: Oktoba 2014, kwa kushirikiana na Tigo, walileta hapa Internet.org, mtu akaingia bila kukatwa bando. Huna ubavu huo? Basi walau video isijicheze yenyewe.

Kabla hujaitisha kikao cha dharura, hakikisha pia kama intaneti ipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na Tanzania ikaumia kuliko majirani wengi. Aliyetazama dashibodi siku ile bila kujua habari alidhani wateja wote wamemsusa kwa mpigo. Mteja hasusi kwa mpigo. Husepa mmoja mmoja, kimya kimya, ndiyo maana hamuwaoni.

8. Kahama, na hukumwachia pa kuacha namba

Wapo wanaoondoka bila kutaka. Simu imenyakuliwa Buguruni kwenye dirisha la daladala, laini imefungwa, neno la siri limekwenda na simu. Wakati wa usajili kwa alama za vidole, laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, na akaunti zilizokuwa zikimtambua mtu kwa namba hiyo tu zikabaki bila mwenyewe. Mtu anataka kurudi. Apu inamwambia itatuma msimbo kwenye namba yake ya zamani. Ndiyo, ile ile iliyokufa. Halafu ofisini mnaandika "amepoteza hamu".

Kuna na hili. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika hugawiwa mtu mwingine. Kwa hiyo ujumbe wako wa "Mama Neema, tumekukumbuka sana, rudi" unamfikia dereva wa lori aliyeko Tunduma, na mkewe ndiye aliyeshika simu. Umerudisha mteja? Umevunja nyumba.

Majina nayo huhama. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, lakini mtaani bado unaombwa utume "kwa Tigo Pesa". Kila nembo inapobadilika, kuna mtu anaitafuta ile ya zamani kwenye kioo chake, haioni, anahitimisha kwamba imejifuta.

Kipawa inakujua kuhama kuliko wewe: upanuzi wa uwanja wa ndege uling'oa nyumba nyingi hapa, wenyewe wakaenda kuanza upya huko kuelekea Pugu. Mtu anayehama humwachia jirani namba. Apu yako imempa nafasi ya kuacha nini? Namba ya pili, ya mume, ya dada, inatosha kabisa. Iombe siku ya kwanza, wakati bado mnapendana.

7. Wa msimu

Huyu mwache alale. Matokeo ya NECTA yakitoka nchi nzima inafungua, kisha inafunga mpaka mwakani. Ligi ikisimama, apu ya matokeo ya Simba na Yanga inasinzia, na shabiki wa aliyefungwa huilaza mapema zaidi. Kumwandikia mzazi mwezi wa Machi kwamba "hujatutembelea kwa siku 60" ni kumtakia mtoto wake arudie mtihani.

6. Ulimpigia kelele akaweka pamba

Saa kumi na moja alfajiri: "Amka bingwa!" Saa saba mchana: "Umeshakula?" Saa nne usiku: "Bado uko macho?" Hata mchumba wa miezi miwili hafiki huko.

Zamani mwenye Android hakuulizwa. Ukishaingia kwenye simu yake unapiga kengele utakavyo. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, apu lazima iombe ruhusa ya kutuma arifa, na wengi wanabonyeza kukataa kwa kidole kilekile kinachofukuza nzi. Lakini la kuchekesha lilitangulia, kwenye Android 12 ya 2021: apu isiyoguswa kwa miezi kadhaa, simu yenyewe inailaza, inaipokonya ruhusa, na arifa haziiamshi. Fikiria maana yake, mkuu. Zile arifa za "rudi" ulizomlipa mwandishi kuziandika kwa ustadi hazimfikii aliyeondoka siku nyingi. Zinamfikia ambaye bado yupo, zinamkera, naye anaondoka.

Bundi wa Duolingo, ambaye tangu 2017 anawafundisha Wazungu Kiswahili, ana ujanja wake. Ukimpuuza muda, anakwambia vikumbusho vyake inaonekana havisaidii, anaacha kutuma. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu hawalali. Huyu akisusa ndipo unapojisikia vibaya.

Kama ni lazima kutuma, tuma kitu kinachomhusu. "Umeme wako unakaribia kuisha" ni ujumbe ambao hakuna mtu wa Karakata atakayeufuta bila kuusoma, hasa kama friji lina samaki wa kuuza.

5. Hakupakua, alipakuliwa

Unamkumbuka yule kijana mwenye fulana ya kampuni, mwavuli na spika, kituoni Banana? Alikuwa analipwa kwa kila kichwa anachosajili. Aliichukua simu ya mama mwenye mafungu ya mchicha, akaweka apu, akajaza fomu, akampa kalamu na kofia, akaondoka. Mama alikwenda na kofia.

Huyo hayumo kwenye wateja waliopotea. Hakuwahi kuwa mteja. Mtoe kwenye hesabu leo na takwimu zako zitapona bila hata shilingi ya matangazo. Bosi wako hatapenda. Mpe kofia.

Chai kidogo kabla ya nne za juu

Zilizobaki haziwezi kusomwa kwenye dashibodi. Lazima umpigie mtu simu, na hapo pana kazi, maana mtu wa Dar hakwambii ubaya wako usoni. Muulize kwa nini aliacha apu yako, atakujibu kwa adabu, na adabu hiyo itakupoteza. Atasema alikuwa bize, ilhali tangu asubuhi yupo TikTok. Atasema simu ilizingua, na simu yenyewe ndiyo mnayoongelea. Atasema "nitaangalia, nitarudi", maneno tunayomwambia muuza nguo wa Kariakoo tukishindwana bei, na hakuna aliyewahi kurudi.

Kwanza, lakini, apokee. Tangu matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" watapakae, namba ngeni inayomjua mtu kwa majina matatu inaogopesha kuliko inavyopendeza. Tanguliza ujumbe mfupi wenye jina lako na la kampuni, sema utapiga saa ngapi, na usiseme neno "zawadi". Zawadi ni neno lao.

Akipokea, usimuulize kwa nini aliacha. Muulize hilo jambo sasa hivi analifanyaje. Kama ulikuwa unamuuzia usafiri, siku hizi anasafirije? Kama ulikuwa unamtumia hela, hela inafikaje Tanga? Hapo adabu haina pa kujificha, anakueleza mpaka nauli. "Namtuma kijana." "Nampigia dereva." "Naenda kwa wakala, tunajuana." Hongera, umempata mshindani wako, na siyo ile kampuni ya Nairobi iliyokuwa inakunyima usingizi.

4. Kaelewana na dereva

Katika simu za Kipawa kuna ukoo mkubwa unaoitwa Bajaji. Juma Bajaji, Musa Bajaji, Bajaji Mrefu, Bajaji wa Kanisani. Kila mmoja wao alikuwa mteja wa apu fulani, na kila mmoja alimwambia abiria wake maneno yale yale: "Dada, unakwenda wapi? Keshi? Basi ghairi, mimi nakuja hivyo hivyo."

Uber iliingia Dar mwezi Juni 2016. Taxify, ambayo sasa ni Bolt, ikafuata. Mwaka 2022 LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ilitaka kamisheni isizidi asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma mwezi Aprili, na ikarudi Januari 2023 kiwango kilipopandishwa hadi asilimia 25. Yale mabishano ya ofisini yalikuwa ya kisheria na ya kihesabu. Huku chini yalifanya jambo moja rahisi: kwa miezi takriban tisa, abiria na dereva walipewa likizo ya kuzoeana bila mshenga. Mshenga akirudi anakuta watu wameshaoana, na anadai kamisheni.

Kumrudisha huyu kwa punguzo ni kupoteza hela. Atalila punguzo, atakushukuru, kesho atarudi kwa Juma, kwa sababu Juma anamkopesha mpaka Ijumaa, anambebea gunia la mkaa bila kununa, na anamjua mama yake. Wewe huna hata kimoja katika hivyo. Lakini Juma naye ni binadamu. Juma analala. Juma ana msiba Mkuranga. Juma amepata safari ya Chanika na hasemi ukweli yuko wapi, kila ukipiga yuko "hapa TAZARA nakuja". Mgeni anatua na ndege ya saa tisa usiku, na jirani zetu hawa wa uwanja wa ndege hupokea ndege saa hizo, na ukoo mzima wa Bajaji haupokei simu.

Hapo ndipo pako. Usishindane na Juma saa mbili asubuhi. Utashindwa na unastahili. Uwe wa saa tisa usiku, wa risiti ambayo ofisi inataka, wa safari ambayo mama anaweza kuifuatilia kwenye simu binti yake akirudi peke yake. Waambie hilo tu. Na dereva naye mhesabu kwenye wateja waliokukimbia, maana ndiye aliyetangulia kuondoka, abiria alimfuata.

3. Bei ilipanda, hela ikarudi kwenye soksi

Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kutuma na kutoa, juu ya makato yaliyokuwepo. Ikumbukwe kwamba M-Pesa ya Vodacom ilianza hapa 2008, kwa hiyo watu walikuwa na miaka kumi na mitatu ya mazoea. Mazoea hayo yaliyumba kwa wiki chache. Hela za shule zikarudi kupanda basi pale Mbezi zikiwa zimeshonewa kwenye pindo la kitenge. Kondakta akawa benki. Hata ile sentensi ya mapenzi ya Kitanzania, "nitumie na ya kutolea", ikaanza kuvunja uchumba, maana ya kutolea ilikuwa inakaribia kuwa na heshima sawa na yenyewe inayotolewa.

Sasa jifanye wewe ni meneja wa apu ya kutuma hela Agosti ile. Ungeweza kubadilisha rangi ya kitufe. Ungeweza kumlipa msanii wa Bongo Fleva aimbe jina lako. Ungeweza kutuma "tumekukumbuka" kila Ijumaa. Yote bure, kwa sababu mtu hakukusahau. Alikuwa anakukumbuka vizuri sana, na makato yako kwa senti. Kilichosogeza mambo ni bei: Septemba mwaka ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000.

Utasema kodi siyo yako, ni ya Serikali. Kwa mtumaji ni namba moja inayokatwa kwenye salio; hajui wewe uliondoka na ngapi na Mwigulu, Waziri wa Fedha wa wakati ule, aliondoka na ngapi. Ungemwonyesha kwa mistari miwili kabla hajabonyeza, angalau angejua wa kumnunia.

Na kuna mfano wa upande wa pili ambao tumeusahau haraka. Mwaka 2014 Tigo Pesa walichukua faida iliyozaliwa na fedha za wateja zilizowekwa kwenye akaunti za udhamini benki, kama dola milioni 8.7, wakaanza kuwagawia wateja wenyewe kulingana na salio lao, robo mwaka kwa robo mwaka. Mtu wa Kiwalani aliyeacha hela kidogo kwenye simu akakuta imezaa. Ndogo, ya soda, lakini imekuja yenyewe bila kujaza fomu wala kucheza bahati nasibu. Kama unataka kumwamsha mtu aliyelala na salio lake, mwonyeshe salio limeongezeka. Mimi sijawahi kumwona aliyebonyeza "futa" juu ya ujumbe wa namna hiyo.

2. Uliikopa orodha yake ya namba

Hapa utani unapungua kidogo.

Zilikuja apu za mikopo: dakika tano, bila dhamana, ruhusu tu tuone namba zako. Mtu ana mtoto homa, anaruhusu. Siku ya marejesho ikipita kwa saa chache, ujumbe unaruka kwa bosi wake, kwa mkwe wake, kwa mchungaji, kwa fundi bomba aliyempigia mara moja: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Mtaani mikopo hiyo iliitwa kausha damu na jina likatosha. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali. Novemba mwaka huo ikataja orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali.

Unasema wewe hukopeshi, unauza ratiba ya kunywesha maji mimea. Sawa. Lakini aliyeunguzwa pale sasa akiona apu yoyote inaomba namba zake, picha zake na mahali alipo, anaifuta kabla haijamaliza kusalimia. Fundi simu wa huku atakwambia wateja wanamletea simu wakitaka "kila kinachoniangalia kitoe". Na wewe ulikuwa unaangalia. Ya nini mimea ijue namba ya mkwe wangu?

Huyu hutamrudisha kwa ujumbe, kwa sababu ujumbe kutoka kwenye apu ndio uliomdhalilisha. Atarudi akisikia kwa mtu. Dada yake, mwenzake wa kikoba, jirani anayetumia na hajasemwa. Kazi yako ni kuomba kidogo: namba moja, jina, basi, na kitufe cha kufuta akaunti kiwe mahali pa wazi, siyo kimefichwa chini ya masharti ya kurasa arobaini. Ukimpa mlango wa kutokea, anakaa. Ukiuficha, anavunja ukuta, na anasimulia.

Wapo pia ambao hupaswi kuwatafuta kabisa. Mtu aliyeacha apu ya kubeti akapata amani nyumbani, ukimtumia "una dau la bure la shilingi 1,000" siku ya mshahara, huo siyo uuzaji. Mfute kwenye orodha na umwombee.

1. Hajaondoka

Tuje kwa mama muuza mchele. Miezi saba hajafungua apu yako ya kutuma hela. Dashibodi imempaka rangi nyekundu na kumwandika amelala. Mhitimu mmoja wa shahada ya masoko amepewa bajeti ya kumwamsha.

Mama huyo leo asubuhi amelipa mchele wa Mbeya, amenunua LUKU, amemtumia mwanawe Dodoma hela ya kula, na amemtolea mpangaji. Zote kwako. Amefanya kwa *150*00#, kwenye simu ya vitufe yenye chaji ya siku nne, bila bando, mkono mmoja ukiwa kwenye mizani. Menyu anaijua kwa kidole: anabonyeza mfuatano mzima kabla maandishi hayajatokea, anamaliza huku akimtania mteja kuhusu Yanga. Ana simu janja pia. Iko kabatini, inatoka Jumapili kwa ajili ya picha.

Apu yako inamtaka aiwashe, asubiri, asasishe, aingize nywila yenye herufi kubwa, namba na alama ya mshangao, akubali masharti mapya, apite tangazo la bima, ndipo atume elfu tano. Kwa nini ahangaike? Kwa heshima yako?

Hawa ndio wengi katika orodha yako ya marehemu, kiongozi. Idara ya apu inawahesabu mlango wa mbele, idara ya menyu fupi inawahesabu mlango wa nyuma, na idara hizo mbili hazisalimiani. Weka namba za simu za pande zote mbili kwenye jedwali moja. Ni kazi ya mchana mmoja kwa kijana yeyote aliyetoka VETA hapo jirani. Orodha ya waliolala itapungua mbele ya macho yako, na bajeti ya kuwaamsha utaulizwa ilikwenda wapi.

Waliobaki baada ya hapo ndio wa kupigiwa. Mama mwache. Na kama unataka kwa nguvu zote afungue ile apu, tafuta kitu ambacho menyu fupi haiwezi: mwonyeshe madeni ya mchele ya mwezi mzima, nani kalipa, nani anazungusha, kwa majina. Hapo simu ya kabatini itatoka katikati ya wiki, na kuna watu kadhaa wa Kipawa, nawajua, ambao wataomba intaneti ikatike tena.